Bustani ya Kumvuta Mama

Mwaka 2015 nilimwonea mdogo wangu wivu kwa ajili ya mchicha. Nasema wazi, maana nimechoka kujifanya kwamba ilikuwa hamu tu ya mboga za nyumbani. Sisi wa Kivu mchicha tunauita lengalenga, na mdogo wangu alikuwa nayo imejaa nyuma ya ghorofa lao kule Newburg, Louisville, wakati mimi Buffalo nilikuwa bado nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini. Alinitumia picha kwenye simu karibu kila asubuhi. Picha ya kwanza majani, picha ya pili majani, picha ya tatu Mama ameinama katikati ya majani, kitenge amekifunga kifuani, wala hatazami kamera. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoninyima raha.

Mama ndiye aliyekuwa shida yenyewe. Mimi na mume wangu tulitangulia kuja Marekani. Tulipelekwa Columbus, tukakaa miaka mitatu, kisha mume wangu akasikia kwamba Buffalo, mtaa wa Black Rock, karibu na mto, kuna nyumba za zamani ambazo hata watu kama sisi wanaweza kununua. Tukahama. Mama na mdogo wangu walikuwa wamebaki kwenye kambi ya wakimbizi, wote wawili kwenye faili moja, na safari yao ilipotoka mwishoni mwa 2014 faili lile likawapeleka Louisville. Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mimi ndiye niliyembebea Mama maji na kuni na wadogo zangu, na kambini ndiye niliyesimama kwenye foleni ya mgao kwa niaba yake. Halafu mtu asiyenijua anakaa ofisini, anagonga muhuri, na Mama anakuwa wa mdogo wangu.

Kazi yangu ilizidi kunichokoza. Nilikuwa natunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, nawaogesha, nawavalisha soksi, nawalisha uji kwa kijiko. Kila siku nilikuwa nikichana nywele za mama za watu, na mama yangu mwenyewe anachanwa na mtu mwingine kilomita mia nane kutoka kwangu. Kuna bibi mmoja pale aliyekuwa akinishika mkono na kuniita jina la binti yake. Nilimwachia mkono, lakini moyoni nilikuwa nasema, bibi, nawe umekosea mtu.

Basi nikaanza kumwomba Mama ahamie kwangu hata kabla hajamaliza mwezi. Nilimweleza kwamba nyumba ni yetu wenyewe, ina vyumba vinne, ina kiwanja nyuma kikubwa kuliko shamba la kanisa letu la zamani. Hapo nilitia chumvi. Alikuwa ananisikiliza vizuri, kisha anauliza hali ya hewa. Nikimwambia leo theluji imefika dirishani, anaanza kuniaga. Siku moja alinijibu.

"Mama," aliniambia, maana kwetu mzazi humwita binti yake mama, "mi niko mulimaji. Mulimaji anaikala fasi kuko udongo. Kwako udongo iko chini ya barafu. Nitafanya nini? Nitaikala mu nyumba tu, nangojea kufa?"

Nikamwambia hata kwangu fasi ya kulima, mahali penye udongo, ipo, aje ajionee mwenyewe. Tukakubaliana kwamba atakuja kiangazi kimoja, kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka baridi irudi, na akiona udongo wa kwangu unazaa, atabaki. Alilitamka hilo kwa kinywa chake, na mdogo wangu alikuwa anasikia, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa na kazi moja tu. Nilitakiwa kumwonyesha Mama kwamba Buffalo inazaa.

Mbegu alinitumia mdogo wangu kwa posta. Lengalenga zilijaa kizibo cha chupa, maharage yalijaa kiganja. Nilizimwaga mezani, nikazitazama, nikajiuliza yeye amebakiza ngapi. Mume wangu alicheka akasema mbegu za lengalenga ni kama vumbi, hakuna mtu anayepunjwa vumbi. Sikucheka naye.

Mwishoni mwa mwezi wa nne zikaja siku sita za jua na mvua ya hapa na pale. Udongo ukalowa, ukawa mweusi, ukanukia. Na mimi nilichokijua ni kile tunachokijua wote kwetu, kwamba ardhi ikilowa unapanda. Nyumbani unasubiri mvua, basi. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu akiuliza udongo una joto kiasi gani. Isitoshe, picha ya asubuhi ile ilionyesha lengalenga ya Louisville imefika kwenye kifundo cha mguu. Nikachukua jembe.

Jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu kazi ya kiwanda, aliniona akaja mpaka kwenye uzio. Yeye nyanya zake zilikuwa bado ndani, kwenye vikopo vya mtindi, zimepangwa dirishani juu ya bomba la joto. Alinieleza polepole, kwa vidole na kwa maneno, kwamba hapa hawapandi nje mpaka mwezi wa tano uishe, kwa sababu umande wa barafu unaweza kurudi wakati wowote. Nilimshukuru, nikaendelea kuchimba. Nilikuwa nimejaa kijicho kiasi kwamba nilikiona hata kwa watu wengine, na nikaamini mzee yule hataki tu bustani yangu itangulie yake.

Maharage yaliota. Lengalenga nayo ikaota kidogo, michache, imejikunyata. Nilipiga picha kwa karibu sana ili majani yaonekane makubwa, nikamtumia mdogo wangu. Akanijibu kwamba ni mazuri, na kwamba Mama ameyatazama akacheka. Nilishinda siku nzima nikijiuliza amecheka cheko gani.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tano, jioni moja, upepo kutoka ziwani ukageuka, na mzee akapita kwenye uzio akiashiria angani na kujikumbatia kwa mikono kuonyesha baridi. Safari hii nilimwelewa. Nikaingia ndani, nikatoa vitenge vyangu vyote, hata kile cha kanisani, nikavitandika juu ya mistari ya maharage na kuviwekea mawe pembeni. Mume wangu alisimama mlangoni akasema bustani imevaa vizuri kuliko yeye. Asubuhi nilipovifunua vilikuwa vimekakamaa kama mbao, na chini yake maharage yalikuwa yamelala, meusi, yamelegea, kana kwamba mtu ameyachemsha. Hakuna lililopona, wala lengalenga. Nililia palepale, na aibu yangu ni kwamba sikulilia maharage. Niliyafikiria yale majani ya Newburg ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafunika hata gazeti.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Mama afike. Nikapanda upya mbegu zilizobaki. Siku chache kabla ya safari lengalenga yangu ilikuwa na urefu wa ukucha, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo mume wangu akitaka kunichokoza analitaja.

Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja Mrundi aliyekuwa ameishi Buffalo muda mrefu kuliko sisi sote. Yeye alikuwa amejenga kijumba cha plastiki uani kwake, akaotesha kila kitu ndani mapema, na lengalenga yake ilikuwa inafika magotini. Hata yeye nilikuwa namwonea wivu, ila wa kawaida. Nilikwenda kwake Ijumaa baada ya kazi na ndoo tatu, nikamwomba aniruhusu ning'oe miche thelathini. Alipoelewa ni kwa ajili ya nini, akaniuliza kwa nini nisimwambie mama yangu ukweli kwamba huku mboga huchelewa. Nikamjibu kwamba mdogo wangu hachelewi. Akatikisa kichwa, akanipa koleo. Jioni ile niliipanda miche yote katika mistari iliyonyooka, nikaimwagilia maji, nikasambaza majani makavu chini ili udongo uliochimbuliwa usionekane.

Kwetu majani ya kwanza ya msimu hupelekewa mama. Binti aliyeolewa hata akiwa mbali atamtafuta mtu wa kumbebea, na mama akishayala ndipo nyumba nyingine inakula. Mdogo wangu alikuwa ameshayatimiza hayo mwezi wa tano, na picha yake nilikuwa nayo, Mama anakula bugali na lengalenga, midomo inang'aa mafuta. Ilinipasa na mimi nimwekee Mama sahani.

Kesho yake, Jumamosi, tuliendesha mpaka Columbus, maana ndipo katikati, na mdogo wangu alimleta Mama kutoka upande wake. Tulikutana kwenye uwanja wa magari wa duka kubwa ambalo zamani, tulipokuwa tunaishi pale, nilikuwa nanunua vitu vyangu. Mdogo wangu alikuwa amekonda. Alimshikilia Mama mkono kama mtoto wa shule siku ya kwanza, akalia, akasahau kutoa mfuko wa dawa za Mama, ikabidi Mama mwenyewe arudi kuuchukua garini. Kisha nikamwona Mama anamwekea chakula alichompikia kwenye kiti cha mbele na kumwonyesha kipi ale Jumapili na kipi Jumatatu. Mimi niliyatazama yote hayo kwa jicho langu bovu nikayaita maigizo. Nilijisemea, huyu anajiliza ili Mama asahau ahadi.

"Yaya," aliniambia, kwa maana mimi ni dada yake mkubwa, "donc utaniangalilia Mama muzuri, eh?"

Basi utanitunzia, ndivyo alivyosema. Utaniangalilia. Kana kwamba namwazima. Nikamwambia ndiyo, nikafunga mlango wa gari.

Tulifika Buffalo jua bado lipo. Mama hakuingia ndani. Alizunguka nyumba moja kwa moja mpaka nyuma, mimi nyuma yake. Lengalenga thelathini zilikuwa zimesimama mistari yao, vichwa vyote vimeinama chini. Alichuchumaa. Alishika shina moja, akalitikisa kidogo, akafukua majani makavu kwa kidole na kutazama udongo. Kisha akainua macho.

"Lengalenga ikisha kuwa na kichwa kubwa ivi, hatuihamishake," alisema.

Nikamwambia ni jua, lilikuwa kali leo. Hakubisha. Aliniomba kisu, akakata vichwa vyote nusu ili mizizi ipate nguvu, akakusanya vile alivyovikata ndani ya kitenge chake, akasema hivi ndivyo vya kupika. Nilivipika. Nilimwekea Mama majani ya kwanza ya bustani yangu, yaliyokuwa ya bustani ya mwanamke mwingine, na yeye akala jikoni peke yake, kwa sababu kwetu mama mkwe hali meza moja na mkwewe. Alisema chumvi imekolea sawasawa. Mimi chakula kilinishinda.

Baada ya hapo kiangazi kilikuwa chetu. Mama aliamka kabla yangu, na nilipotoka kazini nilikuta bustani imeongezeka hatua mbili. Miche ile thelathini ilichipua upya, karibu yote. Yeye na mzee wa jirani hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini walipitishiana vitu juu ya uzio siku nzima, nyanya kwa maboga, ndoo kwa reki. Na lipo jambo ambalo Mama aliligundua mwenyewe. Siku ya tatu tu, akiwa amesimama kwenye ule ubaridi wa asubuhi, alisema hewa hii anaijua, ni ya milimani kwetu juu, ambako lengalenga husuasua lakini njegere, viazi na kabichi havina adui. Akapanda hivyo. Njegere zikapanda uzio mpaka upande wa mzee. Kabichi zikajifunga ngumu, moja tuliipima kwenye mizani ya bafuni.

Mwezi wa saba mdogo wangu aliandika kwamba joto la Louisville limeunguza kila kitu, lengalenga imekimbilia kwenye mbegu na kabichi zimeoza kabla ya kujifunga. Hakutuma picha. Nilifurahi. Sina cha kuficha, nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyetuma picha, tatu kila asubuhi, na ya tatu daima ilikuwa ya Mama. Mdogo wangu aliitikia kwa neno moja moja. Siku nyingine hakuitikia kabisa, na Mama akawa ananiuliza mara mbili tatu kama simu imelia.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa majani ya maboga yalianza kukunjamana kwa baridi. Nilimkuta Mama uani akichagua maharage ya mbegu, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Niliona sasa ndio wakati. Nikamuuliza, Mama, udongo umeuona?

"Udongo yako iko muzuri," alisema. "Inapita hata ile ya Louisville."

"Basi utabaki."

Aliendelea kuchagua. Yaliyotobolewa na wadudu aliyatupa pembeni.

"Nitarudi kwa mudogo wako."

Nikamkumbusha ahadi yake. Nilimkumbusha kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea Mama, na mzee wa upande wa pili akaacha kupiga reki. Mama alingoja nimalize.

"Nilisema, ndiyo. Nilizani ni udongo nitaangalia. Lakini ile siku ya kwanza niliona lengalenga ya batu, nikaona namna uliipanga mistari. Maharage yako ilikufa, ukapanda. Haikuota mbio, ukaenda kuomba. Mutu wa ivi hawezi kupotea. Mudogo wako, kitu yake ikikufa, anaingia mu kitanda siku tatu, hakule. Ile bustani uliona mu picha, yeye hakushika jembe hata siku moja. Yote ni mikono yangu. Alikuwa anapiga picha tu, ili wewe uzani yeye iko muzuri."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi najua kulala kitandani siku tatu, kwamba hakuna aliyewahi kunipa nafasi ya kujaribu. Nilitaka kumwambia kwamba zile lengalenga zote nilizipanda nikiwa nimetoka kusimama kazini kwa saa kumi nzima. Lakini yote ambayo ningeyasema yangemthibitishia tu alichokwisha kukiona. Nimekuwa nikimwonea mdogo wangu wivu kwa mambo mengi, uzuri wake, sauti yake, hilo jina la utani ambalo baba alimpa na mimi hakunipa. Siku ile nilimwonea wivu kwa udhaifu wake, na huo ndio ulionichoma kuliko yote.

Tulimrudisha Columbus Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, uwanja uleule wa magari. Mdogo wangu alikuwa amekonda zaidi. Nilikuwa nimewafungia kabichi sita, gunia dogo la viazi na njegere kavu, na aliponiuliza kabichi hizi nimezipandaje nikamwambia amuulize Mama. Mama aliingia kwenye gari la mdogo wangu, akajifunga mkanda mwenyewe, akamnyoosha ukosi wa koti. Njia nzima ya kurudi mume wangu hakuwasha redio.

Wiki mbili baadaye barafu ya kweli ilishuka. Lengalenga iliisha, maboga yaliisha. Kabichi zilizobaki hazikutikisika. Mzee alikuwa ameniambia kwamba baridi huzitia utamu, na safari hii nilimwamini. Nilionja jani bichi, lilikuwa tamu kweli. Nilikuwa hapo katikati ya kabichi, kisu mkononi, simu ilipolia. Alikuwa Mama. Aliuliza habari za watu, za kazi, kisha akauliza bustani inaendeleaje.

"Imekufa yote, Mama," nikasema. "Hata kabichi. Na mimi niko kitandani tangu juzi. Sijala."

Nilisikia kifuniko cha chungu kikigonga upande wake. Nilimwaza akijifunga kitenge na kumwambia mdogo wangu ampeleke Columbus leo leo.

"Mama," akasema, "nasikia upepo mu simu. Uko inje. Ingia mu nyumba, baridi itakukamata."

Kisha akasema anakata, ameweka chungu cha chakula cha mdogo wangu motoni na anasikia harufu ya kuungua.